Cachet ya Nadège

Siku ya soko Butembo, mtu akikuambia amepita katikati ya mji bila kusukumwa, huyo alibaki nyumbani. Pikipiki, magunia ya viazi ya Lubero, mama wa maharage, wote wanataka njia ile ile moja. Ndivyo Éliakim alivyoingia secrétariat ya Mama Anne-Marie, pale watu wanapopigisha barua kwa mashine na kutoa fotokopi. Hakuingia kwa hiari yake, gunia ndilo lililomwingiza. Alijikuta mbele ya meza ya Nadège, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, suruali ina matope hadi magotini, na mkononi ameshika karatasi moja kama yai.

Nadège ndiye alikuwa mwandishi wa pale. Siku hiyo alivaa kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano, nywele amesuka mistari, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alimtazama mgeni kuanzia matope hadi pasi.

"Ikala kwanza, mwalimu."

"Umejua aje kama niko mwalimu?"

"Uko na chaki kwa mufuko."

Éliakim alitafuta kiti, hakukiona, akakalia imprimante ya zamani, mashine ya kuchapia karatasi. Zilikuwa tatu pale ukutani, zimekufa miaka mingi, siku hizi kazi yao ni kukaliwa na wateja. Nadège alichukua karatasi, akasoma mistari minne, akairudisha mezani.

"Mwalimu, hii barua inalia."

"Inalia?"

"Tangu mustari ya kwanza. *Sisi batoto maskini, kwa machozi.* Batajiri ya huku beko na machozi yao. Ukibaletea ingine, bataiweka chini ya kioo ya bureau, itakaa kule mpaka mwaka ingine. Munatafuta nini?"

"Parrainage, batu ya kutusaidia. Tuko na équipe ya robotique ku shule yetu, kule Vulamba. Banafunzi sita. Concours, mashindano ya robots, itakuwa ku Beni, kisha miezi mbili."

"Na robot yenu inafanyaka nini?"

Hapo ndipo uso wa Éliakim ulipobadilika. Alisahau haya, akasimama, mikono ikaanza kuzunguka hewani. Alieleza mkanda unaotembea, jicho la taa linalotazama tunda la kahawa, na kamkono kanakosukuma pembeni tunda bichi na kuacha lililoiva.

"Mama ya Bénie, mwanafunzi wangu, anachagulaka kahawa siku yote ku dépôt. Mugongo imeisha. Njo mutoto akaniambia: mwalimu, tufanye kitu yenye itachagula ku nafasi ya mama."

Nadège aliteremsha miwani kwenye macho.

"Hii njo barua," alisema. "Ile ingine ukafungie mandazi. Na usiombe franga. Kila mutu umuombe kitu yenye anauzishaka. Mwenye batterie, batterie. Mwenye bus, viti. Mutu akitoa kitu yake mwenyewe, atakuya kuangalia kama inafanya kazi."

Waliandika kumi na moja. Kila barua nakala mbili: moja inabaki kwa mkubwa, nyingine inapigwa cachet, ule muhuri wa wino wenye tarehe na sahihi, ili kesho mtu asije akasema hakupokea kitu. Bila cachet, kwetu, barua yako ni upepo. Éliakim alizipeleka kwa pikipiki, akarudi na nakala zenye wino, na Nadège akazipanga katika farde nyekundu, jalada la barua. Alizipanga polepole kuliko kazi ilivyohitaji, maana mwalimu alikuwa amekaa pale juu ya imprimante yake, akimtazama.

Jioni moja simu ikalia.

"Allô, secrétariat?"

"Secrétariat imefungwa."

"Ninatafuta mutu wa secrétariat, hapana secrétariat yenyewe."

"Mutu huyo anakula sombe."

"Umuambie batterie imepatikana."

Nadège aliweka tonge chini. "Éliakim, usinichezee."

"Batterie na cachet, byote. Muzee mwenye batterie aliniuliza nani aliandika barua muzuri hivi. Nikamuambia ni chérie wangu."

"Ulisema nini?"

"Kama umesikia vibaya, nirudilie."

"Rudilia," Nadège alisema, masikio yanawaka moto.

Alikuwa na furaha, tuseme wazi, furaha ya kumfanya mtu aimbe mbele ya fotokopi. Batterie ilipatikana, viti vya bus vya kwenda Beni vikapatikana, mbao, nyaya, mpaka fulana sita kutoka kwa muuza vikwembe. Wiki mbili kabla ya concours, moteurs mbili, zile mota za kuvuta mkanda, zikaungua. Éliakim alikuja mbio, bila pasi safari hii.

"Mutu anauzisha moteurs mudogo mudogo ku Butembo ni moja tu: muzee Lusenge. Tumuandikie leo."

Vidole vya Nadège vilisimama juu ya mashine.

"Ule, hapana."

"Juu ya nini?"

"Tafuta mwingine."

"Hakuna mwingine, Nadège."

"Basi ngoja."

Muzee Lusenge alikuwa baba yake. Éliakim hakujua, na angejuaje? Kwetu mtoto habebi jina la baba. Nadège ni Kavira kwa zamu yake ya kuzaliwa, na Kavira wa Butembo ukiwaita wote watajaza uwanja wa mpira. Shida haikuwa ubahili wa baba. Shida ilikuwa Sadrack, mume wa dada yake Elsa. Kabla ya kuoa, Sadrack alipita kwa muzee kuomba kazi, akapewa ya ghalani. Miaka sita sasa, muzee bado anamwita "mutoto wangu wa dépôt" mbele ya wageni, na Sadrack kwenye meza ile hainui macho kutoka kwenye sahani. Nadège aliapa mbele ya sahani hizo kwamba mwanaume wake hataingia kwa mlango wa kuomba.

Angemwambia Éliakim tu, utasema. Lakini kumwambia mwanaume kwamba unamkinga asiombe kitu kwa baba yako ni kumwambia kwamba umekwisha kumchagua, na huyu alikuwa bado hajauliza swali. Basi alinyamaza, na kunyamaza huko kulimponza.

Jumamosi alikuwa dukani kwa baba yake, anamsaidia kama kila Jumamosi. Alikuwa anaweka kikombe mezani, "Papa, chai yako," na alipoinua kichwa alimwona Éliakim mlangoni na bahasha mkononi. Éliakim alimtazama, akamtazama muzee, akatazama kikombe. Hata hivyo aliitoa barua aliyoiandika mwenyewe, akaisimamia mpaka ikasomwa yote.

"Barua hii haijikunje," muzee Lusenge alisema. "Nani alikufundisha kuandika?"

"Mutu moja wa secrétariat, papa. Ninaona ni mutoto wako."

Nadège alimfuata hadi nje. Walisimama kati ya mabomba na mifuko ya saruji, wateja wakipita.

"Barua kumi na moja," Éliakim alisema kwa sauti ya chini. "Umeandikia mutaa yote, mpaka mwenye kuuzisha magodoro. Ya kwenu tu njo ilikushinda. Banafunzi yangu banakupatia haya, Nadège? Ao ni miye?"

"Hapana haya."

"Basi ni nini?"

Ndani, muzee alikuwa ameshusha kikombe anasikiliza. Nadège akageuka kutazama mlango.

"Nitakuambia."

"Lini? Kisha concours?" Akapanda pikipiki, akaenda.

Nadège alimpigia mara nane. Mara ya tisa akapata ujumbe wa maneno mawili: Moteurs kwanza. Alilia kidogo, akajipangusa, na Jumatano akaingia katika bureau ya baba yake bila kubisha.

"Papa, ile barua ya mwalimu, unirudishie."

Muzee alifungua droo. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa pembeni kwa wino wa bluu: *Favorable*.

"Nilikubali. Atakuya kuchukua moteurs kesho."

"Ninaona. Unirudishie."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Sadrack."

"Sadrack nilimupatia kazi."

"Ulimupatia, papa, na ukamubakisha ku dépôt mpaka leo, ata akiwa ku meza yako anakula. Huyu atakuya siku ingine, na maneno ingine. Siku ile ninataka akuangalie ku macho."

Muzee alizungusha kalamu mara mbili tatu. "Donc ni yeye."

"Kama angali ananipenda."

"Na batoto? Bakose moteurs juu ya macho ya mwalimu?"

Hilo lilimchoma, maana ni swali alilojiuliza usiku kucha.

"Batapata. Ni miye nitabaletea."

"Leo mercredi. Concours ni samedi, siku tatu tu."

"Kalenda ninayo, papa."

Muzee alivuta barua karibu. Kisha akafuta neno lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akamkabidhi karatasi. "Kichwa ya mama yako kabisa," alisema, na hakuonekana kukasirika sana.

Nadège alizunguka mji. Alipita kwa watengeneza redio, kwa mafundi wa pikipiki, kwa muuza mashine za kusaga. Wote walimwambia, nenda kwa Lusenge. Alhamisi saa sita mchana alirudi kazini miguu inawaka, na Bénie alikuwa anamngoja, sare ya shule imelowa mvua.

"Yaya Nadège, dada yangu, mwalimu ameenda ku duka, bakamuambia barua haiko tena. Haseme kitu. Tunaondoka kesho asubui. Moteurs ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Njiani wapi?"

"Bénie, enda upange mizigo."

Mtoto aliondoka, na Nadège akabaki na uongo wake. Mama mmoja alikuwa anasubiri attestation, cheti chake, itoke. Nadège akabonyeza mashine, akafungua tena barua ya Éliakim, akaisoma kama angekuwa yeye tajiri wa kuombwa. *Tunatafuta moteurs mbili ndogo, zenye kuzunguka polepole, zenye kuvuta mkanda bila kutetemeka.* Mbele ya pua yake, imprimante ilikuwa inavuta karatasi ya yule mama, polepole, bila kutetemeka.

Aliitazama. Kisha akatazama viti vya wateja.

"Mama, simama kidogo, tafazali."

"Nimefanya nini?"

"Umeikalia kitu yangu."

Mara mia alikuwa amefungua mashine hizi kutoa karatasi iliyokwama, na hata siku moja hakujiuliza ni nini kinachoivuta. Alichukua bisibisi. Mama Anne-Marie alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Unabunja viti yangu?"

"Ninatoa moyo tu. Kiti itabaki."

Moteur ya kwanza, alipoiunganisha na mawe ya tochi, ilizunguka. Ya pili ilikuwa imekufa kweli. Mbele ya ya tatu Nadège alisali kwa sauti, na yule mama wa attestation akaitikia amina. Ilizunguka. Nadège alikaa chini sakafuni, mikono myeusi kwa wino wa zamani, akacheka peke yake.

Kisha alichukua barua. Akafuta jina la muzee Lusenge, chini yake akaandika *Kavira Nadège*, akapiga cachet ya secrétariat, tarehe na sahihi. Cachet akaitia katika mkoba wake.

Ijumaa mchana alishuka Beni. Timu zilikuwa zinajitayarisha katika salle, ukumbi wa parokia, meza zimejaa nyaya. Aliwaona wanafunzi sita wenye fulana mpya, wamezunguka mkanda usiotembea, na Éliakim amepiga magoti anafunga screw isiyohitaji kufungwa. Nadège alisimama mbele yake, kikwembe cha kijani kina vumbi la barabara yote.

"Nimeleta jibu ya barua yako."

Éliakim alisoma. Aliona *Favorable* iliyofutwa, jina lililofutwa, jina jipya, na cachet.

"Sielewi."

"Fungula kwanza mufuko."

Bénie ndiye aliyefungua. Alizigusa moteurs kwa kidole, akamtazama Nadège, kisha akatafuta nyaya, na wenzake watano wakamzunguka.

"Zimetoka wapi?" Éliakim aliuliza.

"Miezi mbili ulikuwa unazikalia."

Éliakim alifumba macho. "Zile imprimantes."

"Zile zile, mwalimu wa physique. Sasa unisikilize, sitasema mara mbili. Sikukuwa na haya juu yako. Shemeji yangu alipita kwa papa kuomba kazi mbele ya kuoa dada yangu, na mpaka leo hajainuaka macho kule. Nilikosa kukuambia, na kwa hiyo ninaomba pardon. Ata batoto nilibatia mu hatari, ninajua. Mais sikupenda siku utaingia kwetu, uingie kama mutu mwenye alishaombaka."

"Kuingia kufanya nini?"

"Hesabu kama hii njo inakushinda?"

Éliakim alicheka, na kicheko kikageuka, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Nilikuwa mujinga, mupenzi. Mara nane ulinipigia, na kila mara nilikuwa nashika simu mu mukono."

"Tisa," Nadège alisema.

Jumamosi mkanda ulitembea. Kahawa mbivu ilipita, mbichi ikasukumwa pembeni, na wakubwa wa jury, waamuzi, walisogeza viti karibu. Walipata nafasi ya pili. Bénie alilia kwa sababu alitaka ya kwanza, kisha akampigia mama yake simu, akaacha kulia.

Watu walipokuwa wanakusanya nyaya, Éliakim aliomba bic. Alienda mwisho wa meza, akaandika, akaandika tena, akarudi na karatasi mbili. Nadège aliteremsha miwani.

*Kwa Kavira Nadège. Objet: kuomba ruhusa ya kuja kwenu. Niko mwalimu, niko na mikono miwili, na kwa baba yako sina kitu cha kuomba isipokuwa wewe. Nikikubaliwa, nitakuja na wazee wangu, nitamwangalia machoni.*

"Hii hailie," Nadège alisema.

"Mutu moja wa secrétariat alinifundisha. Copie ya pili ni hii."

Nadège alifungua mkoba, akatoa cachet, akaipulizia ili wino upate unyevu. Alipiga kwenye nakala zote mbili, akaweka tarehe, akatia sahihi. Pembeni ya moja, kwa herufi za baba yake, akaandika *Favorable*, akamkabidhi.

"Hii uchunge muzuri, Éliakim. Papa ataiomba ku mulango."