Aliyelipwa na Wote

Jua lilikuwa limekwisha kuegemea ukuta wa jengo la jirani wakati Msimamizi alipopanda ngazi kwenda kumtafuta mama wa chai. Alipanda polepole, kama mtu aliyebeba gunia ambalo wengine hawalioni. Mwisho wa mwezi ulikuwa umemkaba koo. Mchana ule mwenye jengo alimpigia simu na, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akamwambia kuwa wafanyakazi ni wengi mno. Mmoja apunguzwe kabla mishahara haijatoka.

Jengo lenyewe lilikuwa la ofisi za pamoja. Mtu hukodi meza kwa siku, au chumba kwa mwezi, na vilivyobaki ni vya wote: mashine ya kuchapa, intaneti, choo, jiko. Msimamizi alikuwa na askari wa mlangoni, mfagizi, na mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, aliyekaa mapokezi. Tangu mama afariki, yeye ndiye aliyemlea binti huyo, na kazi hii alimtafutia kwa kubembeleza watu. Huyo hakatiki. Akaamua aondoke mama wa chai, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi.

Alipotaka kumtayarishia haki zake ndipo alipogundua kuwa hajawahi kumlipa hata mara moja.

Hakushtuka. Alikuwa amechoka mno kushtuka. Bila shaka mama yule aliajiriwa na mmoja wa wapangaji, basi akaenda kuuliza.

"Shangazi? Si wa kwako?" Mwanasheria wa chumba cha pembeni alipiga miayo hadi machozi yakamlengalenga. "Mimi nilijua ni wa mchora ramani. Kila saa yuko mezani kwake."

Mchora ramani alikuwa amelaza shavu juu ya michoro yake.

"Wa kwangu? Dada yangu, mimi mwenyewe sijajilipa. Ukimpata aliyemwajiri mwambie asimfukuze. Chai yake ndiyo inayonishikilia roho."

Alizunguka vyumba vyote, na kila mlango ulimwelekeza kwenye mlango mwingine. Mahali ambapo kila kitu ni cha wote, kila mmoja alimwona mtumishi akadhani ni wa mwenzake.

Jiko lilikuwa mwisho wa ukumbi. Kabla hajalifikia alisikia harufu... ya nguo zilizokunjwa zikiwa bado mbichi, zikasahauliwa sandukuni. Kisha kandambili.

Chap... chap... chap...

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka."

Hakuwa anauliza. Alikuwa amempa mgongo, akisuuza vikombe chini ya bomba. Maji yalitiririka kwa nguvu, lakini hayakutoa sauti.

"Shangazi, samahani. Nani alikuajiri hapa?"

"Wewe. Nilisimama mlango wa nyuma, nikauliza kama kuna kazi. Ulikuwa na simu sikioni. Ukanipungia mkono nipite."

Msimamizi alikumbuka mvua, simu, na mkono wake mwenyewe. Uso hakuukumbuka.

"Na anayekulipa ni nani?"

"Nyote."

"Pesa gani, na mimi sina habari?"

"Nani kataja pesa?" Shangazi alicheka kidogo, kama anayekohoa. Akainua kikombe chenye mabaki ya chai, akayanywa taratibu. "Mapumziko yenu. Usingizi wenu, Jumapili zenu, likizo mnazoahirisha. Hamvitumii. Kila mtu huniachia kidogo chini ya kikombe."

Huko ukumbini mtu alipiga miayo. Mwingine akamfuata. Miayo ikapita chumba hadi chumba, kama mlango unaofunguliwa na upepo.

"Basi, Shangazi... kazi imekwisha. Leo."

"Umeambiwa upunguze mmoja. Nimekwisha kukusaidia."

Msimamizi alishuka ngazi bila kujua amezishukaje. Mapokezini mdogo wake alikuwa amelalia mikono yake, simu ya mezani ikilia kando ya kichwa chake. Alimwita. Alimtikisa. Mwili ulikuwa mwepesi na wa baridi, na pumzi ilikuja... ikakawia... ikaja.

Kandambili zilikuwa nyuma yake.

"Hiki ni chake," Shangazi alinong'ona. Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Sijakinywa bado."

"Usikinywe. Nakuomba, mama yangu. Chukua changu."

"Chako nilikimaliza zamani, mwanangu. Hujui kwa nini unapanda ngazi hivyo?"

Msimamizi alimkumbatia mdogo wake mabegani.

"Hata mimi nimechoka," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Sijaiacha kazi hii hata siku moja tangu aliyekuwapo kabla yangu aondoke. Nataka likizo. Nishikie zamu."

"Hadi lini?"

Alitazama kifua cha mdogo wake, akasubiri pumzi ijayo. Haikuja.

"Nitashika."

Kikombe kiliwekwa mkononi mwake. Kandambili zikaelekea mlangoni, zikanyamaza kabla ya kuufikia. Askari aliapa kuwa hakuna mtu aliyetoka.

Mdogo wake aliinua kichwa. "Dada, mbona unanitolea macho? Nimelala kidogo tu."

Mwenye jengo aliposikia kuwa mama wa chai ameondoka aliridhika. Naye siku zote alidhani anamlipa. Mishahara ikatoka. Wapangaji wakanung'unika juu ya chai, hivyo Msimamizi akaanza kuipika mwenyewe, kazi ndogo tu ya asubuhi na jioni. Kwa siku kadhaa alimwaga mabaki bila kuyatazama. Kisha jioni moja, miguu ikimwaka moto, alisimama na kikombe cha mwanasheria mkononi, na mabaki yale yalinukia kama shuka lililoanikwa juani...

Usiku ule alilala. Alilala kama mtoto mchanga.

Wiki haikwisha kabla watu hawajaanza kumwambia amenawiri. Ngazi alizipanda mbili mbili.

"Dada, siku hizi umependeza," mdogo wake alimwambia, akimrudishia kikombe. "Na ile kazi yote, unapumzika saa ngapi?"

"Napumzika tu, mdogo wangu."

Chini ya kikombe palikuwa na chai kidogo, bado ya moto. Msimamizi alikishika kwa mikono miwili.

Mdogo wake alifunika mdomo kwa kiganja, akapiga miayo.