Aliyehitimu Ni Jina la Binamu Yangu

Nina umri wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, na ninaishi Garissa mjini na mama yangu mzazi. Jina langu ni Nasra. Nalitaja mapema kwa sababu kuna wakati mimi mwenyewe niliacha kulitumia, na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Kama unatafuta kisa cha mapenzi, ndugu msomaji, pole. Hapa hakuna mwanamume aliyenidanganya. Nimechoka hata kuupamba mkasa huu, nitausema ulivyo.

Nilipokuwa mdogo ukame ulimaliza mifugo yetu kule Sangailu, humu humu Kenya. Mama akatubeba hadi kambini Dadaab, akasema sisi ni wakimbizi ili tupate unga na mafuta. Tukachukuliwa alama za vidole. Tulikula, alhamdulillahi, na mvua iliponyesha tukarudi kwetu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi simlaumu mama.

Lakini nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, kompyuta ikasema mimi ni mkimbizi kutoka Somalia. Mimi, mtoto wa Sangailu! Nilirudi katika ofisi ile mara nyingi mno, hadi askari wa langoni akawa ananiuliza hali ya mama. Bila kitambulisho huajiriwi, husajili laini ya simu, na ukikutana na kizuizi cha polisi unarudi ulikotoka. Unakaa tu nyumbani... unazeeka.

Ndipo shirika moja likaja na mpango wa kuwafunza ufundi vijana wasio na kazi. Kwa ufundi wa simu walitaka hasa wasichana, na kila mtu alielewa kwa nini. Mwanamke wa huku hapendi kumwachia fundi wa kiume simu yenye picha za harusi ambazo ndani yake yuko kichwa wazi. Atakayefaulu angepewa vifaa vyote vya kazi na kibanda sokoni. Jamani, moyo ulinidunda! Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nafungua redio ya nyumbani nione sauti inatokea wapi.

Tangazo likasema: njoo na kitambulisho.

Nina binamu anaitwa Hodan, binti wa shangazi yangu. Tumelelewa pamoja, tukila sinia moja. Hodan ni mcheshi, mrembo, na ni mvivu kweli kweli. Alikuwa na kitambulisho na hana la kukifanyia. Nilipomlilia shida yangu alicheka, akanishika bega.

“Abaayo, dada, chukua jina yangu,” akaniambia kwa lafudhi yetu ya Kisomali. “Mimi iko na jina, wewe iko na kichwa. Fitu ikikuja, yote ni yako, wallahi!”

Siku ya kujiandikisha akaenda yeye. Siku ya masomo nikaenda mimi, na nikabu yangu usoni kama kawaida yangu. Hakuna aliyeuliza.

Nikawa Hodan. Mwalimu wetu, Mwalimu Akinyi kutoka Kisumu, alikuwa mkali, lakini akipita kwenye meza yangu alikuwa anasimama. Nilijifunza kulehemu waya mwembamba kama unywele, kubadilisha kioo, kufufua simu iliyoanguka majini. “Hodan, mikono yako ina akili!” alikuwa akisema mbele ya darasa zima. Nilifurahi, halafu nikifika nyumbani nikawa sijui sifa zile nimwambie nani kuwa ni zangu.

Nilifaulu kuliko wote. Au niseme Hodan alifaulu?

Siku ya mahafali kila msichana alipaswa kuingia chumba cha wanawake, afunue uso, aweke kidole, ndipo apewe cheti na vifaa. Kwa hiyo akaenda Hodan mwenyewe. Asubuhi ile nilimpigia pasi abaya yake kwa mikono yangu! Kisha nikabaki nyumbani nikipika wali wa sherehe, nikiwaza vifaa nitaviweka wapi.

Jioni Hodan akarudi mikono mitupu. Vifaa alikuwa ameshavipeleka kwenye kibanda kipya, na kufuli lilikuwa lake. Nilicheka, nikidhani ananitania kama siku zote. Hakunitazama usoni.

Nikaenda kwa shangazi nikilia. Shangazi alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akaniambia maneno ambayo hadi leo yananichoma. “Mambo ya nyumba hakuna kubeleka ofisini. Ukisema, Hodan atafungwa na wewe utafungwa. Hii fitu iko na jina ya Hodan. Si wewe utafanya kazi na yeye? Wewe bia ni mtoto yangu.”

Mama yangu nilipomweleza aliendelea kupepeta mchele. Najua alikuwa anaiwaza Dadaab.

Basi nikafanya kazi kwa Hodan! Yeye alikaa mbele akipokea wateja na kuchekesha watu, mimi nikakaa nyuma ya pazia nikitengeneza. Akinikumbuka alinipa kitu. Wanawake walimsifu, wengine wakamwombea dua. Utaniuliza kwa nini sikuondoka... niende wapi? Kilichoniumiza kuliko vifaa ni siku nilipomsikia akimwambia mteja, “Ngoja huyu msichana amalize.” Huyu msichana! Mimi niliyekula naye sinia moja!

Kisha siku moja Mwalimu Akinyi akaja kumtembelea mwanafunzi wake. Nilimsikia akimsalimu Hodan, akimuuliza habari za kazi, na Hodan akijibu kwa kubabaisha. Ningeweza kunyamaza. Lakini simu niliyokuwa nayo ilihitaji bisibisi ndogo iliyokuwa mbele, nami nikaiomba kwa sauti, kwa mazoea tu.

Mwalimu akafunua pazia. Alinitazama mikono, akanitazama macho. “Na wewe ni nani?” akauliza.

Nikamweleza yote. Nilitarajia matusi. Yeye akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Kwa nini hukuja kuniuliza?” akasema. “Darasa lile lile lilikuwa na wasichana wasio na kitambulisho. Tuliwachukua kwa barua ya chifu.”

Barua ya chifu! Chifu wetu ni jirani. Mbuzi wake hulala uani kwetu! Niliketi sakafuni pale pale.

Mwalimu hakuweza kulificha jambo lile, na simlaumu. Cheti kikafutwa, vifaa vikarudishwa, kibanda akapewa mwingine. Hatukufungwa. Lakini shangazi anasema nimemwaibisha binti yake, na Hodan tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Nimekosa kazi, na nimekosa dada.

Sasa nimerudi darasani, kwa barua ya chifu na kwa jina langu, pamoja na wasichana wanaoniita shangazi. Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina, kulikuwa na Hodan mwingine, msichana wa kutoka Takaba. Nikaitika mimi! Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Akinyi hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasubiri kicheko kiishe, akaliita tena jina lile.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu mnaohangaika bila kitambulisho, nawasihi. Kabla hujaazima jina la mtu, hata kama ni la ndugu yako wa damu, ingia ofisini useme shida yako kwa mdomo wako. Wakikukataa, watakuwa wamekukataa wewe, na kesho unaweza kurudi. Kwenye mafunzo yale mimi sikukataliwa na mtu. Sikuuliza tu.

Cheti cha zamani hakihesabiki, kwa hiyo ninaanza mwanzo kabisa kama wenzangu. Kesho tunafundishwa jinsi ya kushika bisibisi.