Misumari Iliyochelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Blandina alifagia chumba cha bibi yake. Siku hizo kazi hiyo ilikuwa imegeuka kituko, kwa sababu chumba hakikuwa na paa. Alizoa majani ya mwarobaini, vumbi na mavi ya kuku, maana kuku walikuwa wamegundua kwamba kenchi, zile mbao za kubebea bati, ni mahali pazuri pa kulala. Jogoo mmoja aliwika pale juu kana kwamba nyumba ameijenga yeye.

Nyumba hiyo ya Bibi Mektilda ilikuwa pembezoni mwa mji wa Bariadi. Bibi alikuwa ameuza pamba, akanunua mabati mapya, kisha akapatana na Fundi Anatoli aondoe paa la zamani lililoliwa na kutu, asimamishe kenchi mpya na kuezeka. Ujira wake ulikuwa mtamba mwekundu, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Fundi alimtaka kabla ya kazi, na Bibi akampa mbele ya majirani. Fundi akabomoa paa, akasimamisha kenchi, kisha akaingia mitini.

Bibi na mjukuu wake wakahamia jikoni, wakawa wanalala kati ya mafiga na magunia. Mawingu ya vuli yalikwisha kuanza kukusanyika. Kuta za nyumba zilikuwa za matofali mabichi, na mvua kubwa ingezikuta wazi, zingeporomoka zote. Blandina alilijua hilo, na kila wingu jeusi lilimtia hofu.

Mjomba Ngassa, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa na dawa yake.

"Mayu, hapa hakuna cha kubembelezana," alimwambia mama yake. "Alfajiri nakwenda na vijana, tunamswaga mtamba wetu tunarudi naye."

Bibi hakukubali. Akamshika Blandina mkono, wakaenda wote watatu kwa Veronica, mtendaji wa mtaa.

"Mwangaluka, mayu," mtendaji alimwamkia Bibi, akasikiliza kisa chote. Kisha akamgeukia Ngassa. "Mkimtoa ng'ombe kwenye zizi la mtu bila amri ya mahakama, polisi watawatafuta ninyi, si fundi. Ngojeni nimwite tuzungumze."

Alimwita Anatoli mara mbili. Mara zote mbili fundi hakuonekana.

"Sasa fungueni madai mahakama ya mwanzo," mtendaji akawaambia. "Si lazima muwe na wakili."

"Lakini hatukuandikiana," Bibi alisema kwa unyonge.

"Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, mayu, ilimradi wapo walioyashuhudia. Siku nyingine andikianeni. Leo nendeni na mashahidi."

Jirani mmoja alikubali kutoa ushahidi kuhusu mapatano. Kuhusu kazi yenyewe, shahidi alikuwa Blandina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpelekea fundi maji na uji. Siku ya kesi, njiani, Mjomba Ngassa alimvuta kando.

"Wakikuuliza habari za misumari, sema ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Umesikia?"

Blandina aliukumbuka ukweli. Misumari haikuwepo. Bibi alisahau kununua misumari ya bati, na fundi alikaa karibu wiki nzima bila kazi. Akisema hivyo, labda watashindwa, na nyumba itaanguka kwa sababu ya mdomo wake.

Fundi Anatoli alikuja na shati lililopigwa pasi na maneno matamu.

"Mheshimiwa, mimi sikukimbia kazi. Nilisubiri misumari mpaka nikachoka. Sasa bati nipigilie kwa mate?"

Watu wakacheka. Jirani akaeleza alivyoshuhudia mapatano, kisha Blandina akaitwa.

"Unaahidi nini mbele ya mahakama?" hakimu alimuuliza kwa upole.

"Ninaahidi kusema ukweli, na sitasema uongo."

Alipokwisha kuyatoa maneno hayo kinywani mwake, aliona hawezi tena kusema ya Mjomba.

"Ni kweli, misumari ilichelewa," alisema. "Bibi alisahau kuinunua. Na kenchi alizozisimamisha fundi ni imara, hazitikisiki."

Mjomba Ngassa akashika kichwa. Fundi naye akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mmesikia! Mtoto huyu anasema kweli tupu!"

"Kaa chini," hakimu alimwambia. "Endelea, binti."

"Misumari ilipopatikana, Bibi alinituma nimpelekee fundi. Nilimkuta anaezeka nyumba nyingine, barabara ya Lamadi. Alilipokea boksi la misumari kwa mkono wake, akasema atakuja kesho. Hakuja. Nikamfuata tena. Akaniambia huyo ajuza wenu atasubiri, hapa kuna kazi ya maana. Na misumari yetu hajairudisha mpaka leo."

Hakimu akamtazama fundi.

"Una swali kwa shahidi?"

"Mheshimiwa, huyo ni mtoto tu," Anatoli alisema.

"Umesema mwenyewe kwamba mtoto huyu anasema kweli tupu," hakimu alisema. "Au ni mkweli pale anapokusifu tu?"

Hapo hata wazee wa baraza waliokaa pembeni mwa hakimu walishindwa kujizuia kucheka. Fundi akainama, akakiri. Mahakama ikampa muda mfupi: amalize kuezeka kwa misumari yake mwenyewe, la sivyo amrudishe mtamba na kulipa gharama.

Anatoli hakuusubiri muda huo uishe. Alikuja na wasaidizi wake, wakapigilia bati huku jogoo akifukuzwa mara kwa mara. Fundi alipomaliza, alimpa Bibi mkono na kumwomba radhi. Wiki hiyo hiyo mvua ikashuka.

Bibi Mektilda alisimama katikati ya chumba chake kikavu, akapiga vigelegele, akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mvua ilivuma sana juu ya bati hata ikabidi watu wazungumze kwa kupaza sauti.

"Nisamehe, mpwa wangu!" Mjomba Ngassa alipiga kelele. "Nilidhani utatuangusha!"

"Sikiliza, Ngassa!" Bibi naye akapaza sauti, mkono wake begani kwa Blandina. "Ungemchukua ng'ombe kwa nguvu, leo ungekuwa mahabusu na mimi ningekuwa nalowa! Tumeshinda kwa sababu tulipeleka shauri panapohusika, na mtoto huyu hakuficha hata kosa letu! Ndiyo maana aliposema kosa la fundi, kila mtu alimwamini!"