Sura Alizoziruka Chapuchapu

Kila asubuhi, mama alipokuwa akitia mafuta cherehani yake barazani, Chapuchapu aliketi kwenye kigoda akimsomea bibi yake Biblia. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, na hakuweza tena kusoma mwenyewe. Kazi hiyo ilimwangukia mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye jina lake la utani lilieleza kila kitu. Alikula chapuchapu, alifagia chapuchapu akiacha taka pembeni, na kusoma ndiyo usiseme. Alisoma mistari michache, akaruka mingi, akadaka mmoja wa katikati, kisha akafunga kitabu.

"Tayari, Bibi. Nakimbia, geti la shule litafungwa."

"Umemaliza sura nzima?"

"Nzima, Bibi."

"Haya, mjukuu wangu. Nenda salama."

Mambo yakaenda hivyo hadi jioni ya kuamkia siku ya upasuaji wa jicho la kulia la bibi. Bibi hakugusa chakula.

"Naogopa kisu," alisema bila kuficha. Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Kesho tukiwa tunasubiri, unisimulie habari ya Yusufu uliyonisomea. Hasa alivyokaa gerezani. Nikiisikia hiyo nitapata nguvu ya kuingia."

Chapuchapu akapekua kumbukumbu zake. Gerezani? Yusufu alifungwa lini? Yeye alikumbuka shimo, ndugu waliomuuza, na jumba la mfalme, basi. Alitaka kuchungulia kitabu, lakini bibi alilala nacho chini ya mto. Asubuhi mama alimharakisha kila mtu, na Biblia ikabaki kule kule kitandani.

Hospitalini waliketi kwenye benchi refu pamoja na wagonjwa wengine wa macho. Kila mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa, Chapuchapu alishtuka. Aliomba bibi asahau. Bibi hakusahau.

"Haya, nisimulie."

"Ndugu zake walimtupa shimoni," Chapuchapu alianza. "Wakamuuza. Halafu... halafu akawa mkubwa kwa mfalme."

"Mara hii?" bibi aliuliza. "Alipanda ndege?"

Mzee aliyeketi pembeni alicheka. Chapuchapu hakuweza kucheka, na bibi naye hakucheka. Alivuta mtandio wake akaanza kuinuka.

"Twende nyumbani, mwanangu," alimwambia mama. "Jicho litasubiri."

"Halitasubiri, Mama. Daktari amesema tukichelewa litazima kabisa."

"Basi lizime. Siwezi."

Chapuchapu aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Bibi akirudi nyumbani na jicho likizima, yeye mwenyewe atajiambia nini? Machozi yalimlengalenga.

"Bibi, nilikudanganya. Nilikuwa naruka. Habari za gereza sijazisoma kabisa."

"Najua," bibi alisema taratibu. "Yusufu nilimjua kabla mama yako hajazaliwa. Nilikuwa nangoja siku utakayotulia mwenyewe."

Chapuchapu alikimbilia meza ya muuguzi. "Shikamoo. Samahani, una Biblia? Tafadhali, ya kuazima tu."

Muuguzi alimtazama usoni, akafungua droo. "Shika. Usinikunjie kurasa."

Safari hii Chapuchapu alirudi kwenye benchi akamsomea bibi kwa sauti, akifuata kila neno kwa kidole. Alisoma jinsi Yusufu alivyosingiziwa akafungwa, na jinsi alivyoieleza ndoto ya mnyweshaji wa mfalme. Ghafla akainua macho.

"Bibi! Yusufu alimwomba huyu mtu amkumbuke akitoka. Akatoka, akamsahau! Sasa Yusufu alijisikiaje?"

"Wewe unaonaje?"

Chapuchapu alifikiri. Akarudi nyuma kwa kidole. "Nadhani aliogopa. Lakini hapa wamesema Mungu alikuwa pamoja naye humo humo gerezani. Kabla hata mlango haujafunguliwa."

Bibi aliuachia mtandio akaketi tena. Muuguzi alipoita jina lake, alisimama mwenyewe.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Chapuchapu aliusoma ukurasa ule tena, na tena, mpaka mlango ulipofunguliwa na daktari akasema upasuaji umekwenda vizuri.

Tangu hapo kigoda kilikuwa na utaratibu mpya. Walisoma kipande kifupi kabla mama hajatunga uzi, na Chapuchapu alipaswa kuuliza swali moja kabla ya kufunga kitabu. Asubuhi zenye haraka waliishia mistari michache tu, lakini hawakuacha.

"Unaona, mwanangu," mama alimwambia siku moja, akifumua suruali ya mteja. "Nikiruka mishono, nguo itapendeza ikiwa imetundikwa. Mwenyewe akiinama tu, inapasuka. Ndivyo ulivyokuwa unasoma. Soma kidogo, kila siku, na ufikirie ulichosoma. Siku ya hofu utapata cha kushika."

Wiki chache baadaye, jicho lilipopona na kuzoea mwanga, bibi aliichukua Biblia akaisogeza karibu. Midomo yake ilicheza, kisha akatabasamu.

"Naziona herufi! Haya, mjukuu wangu, nimekupumzisha kazi. Wahi shule."

Zamani Chapuchapu angeruka kwa furaha. Sasa alivuta kigoda akaketi.

"Soma, Bibi, nasikiliza. Ila polepole, tafadhali."

"Mwanangu we!" bibi alimwita mama aliyekuwa kwenye cherehani, akicheka hadi akajifuta jicho jipya. "Njoo usikie. Chapuchapu anasema polepole!"