Kadi ya Akiba

Alhamisi, saa 10:15 alasiri

Chumba kilinuka korosho zilizooza. Kilikuwa nyuma ya duka la Jafari, mtaa wa Chikongola, hakina dirisha, na kwenye kona palituama maji ya kijani ambayo hakuna aliyejali kuyafagia. Wanaume watatu walikaa juu ya magunia. Katikati yao palikuwa na mizani, na juu ya mizani Jafari alikuwa ameweka kadi mbovu ya mtambo wa mawasiliano, ile aliyoileta Lukasi iwe mfano.

"Kilo mbili na nusu," Jafari alisema. Akacheua, akaisukuma kadi kwa kidole. "Hiki ndicho cha bei ya nyumba?"

Jafari alikuwa mtu wa kangomba. Kwa miaka kumi na tano alinunua korosho za wakulima wenye njaa kwa kipimo cha bakuli, akaziuza kwa mizani baada ya kutia mchanga kwenye magunia. Kila kitu duniani alikipima kwa uzito, na kila aliyemwambia vinginevyo alimwona tapeli mwenzake.

Lukasi alimjibu kwa upole, kama mwalimu. Alikuwa fundi wa kampuni moja ya mawasiliano pale Shangani, mtu wa Njombe, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alikuwa anahamishiwa Dodoma mwisho wa mwezi na hakutaka kuhama mikono mitupu. Wizi huu, alisema, ni wa mara moja tu. Alisema kwa sauti ya mtu anayejionea huruma, na wizi wa mtu wa namna hiyo ndio mbaya kuliko wote.

Swichi ya mtandao, aliwaeleza, si ile ya kuwashia taa. Ni kasha la chuma linalofika kiunoni, lenye matundu saba. Kwenye kila tundu inateleza kadi, inapita kwenye reli mpaka meno yake yaume ubao ulio nyuma ya kasha, na ubao huo ndio unaoziunganisha zote. Kadi za kawaida hupokea nyaya za wateja: mabenki, bandari, ofisi za serikali. Kadi kuu ndiyo inayoamua nini kiende wapi. Kadi kuu ziko mbili. Moja inafanya kazi, ya pili ni ya akiba, imekaa inasubiri mwenzake afe. Pawa za kulisha umeme nazo ni mbili, kwa sababu hiyohiyo. Na vyote hivyo huweza kuchomolewa mtambo ukiwa unawaka.

"Tukichukua ya akiba, je?" aliuliza Nassoro.

Hakuna atakayejua, Lukasi alisema. Taarifa za hitilafu zinafika kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mkaguzi wa Dar anakuja baada ya miezi miwili. Wakati huo kadi itakuwa imeshavuka Ruvuma, kwa mnunuzi wa Jafari upande wa Msumbiji.

Nassoro, dereva, mwembamba, mkimya, alikuwa bado hajaridhika. Utotoni, kule Magomeni, alisoma chuo cha Kurani kwa mzee Hamisi, na mzee Hamisi ndiye aliyekuwa mlinzi wa jengo la kampuni.

"Na mzee?"

"Mtandao usipoanguka, hakuna kosa," Lukasi alisema. "Kusipokuwa na kosa, hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo maana tunachukua kadi moja na pawa moja, basi. Trei ya feni, ile inayopoza kasha, msiiguse. Ikitoka, joto linapanda na mtambo unajizima wenyewe ndani ya dakika tano usije ukaungua. Ukizima, mji mzima unazima, na wa kwanza kukamatwa ni Hamisi."

Alirudia mara tatu. Jafari alikuwa anachokonoa meno kwa kipande cha kiberiti, macho yake kwenye mizani.

Ijumaa, saa 6:20 mchana

Kanuni ya kampuni ilisema ufunguo wa chumba cha mitambo usitoke mkononi mwa mlinzi. Kanuni iliandikwa Dar. Hapa, kwa miaka sita, kila Ijumaa Hamisi alivua sare ndani ya kibanda cha geti, akavaa kanzu, akamwachia Lukasi geti na ufunguo, akaenda msikitini. Krismasi na Pasaka Hamisi alimshikia Lukasi nafasi yake aende kanisani na familia. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Meneja alijua kuwa mzee huenda kuswali. Ufunguo unabaki wapi, hakuwahi kuuliza.

"Haya, mwanangu. Nakukabidhi," Hamisi alisema, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Uniombee na mimi, baba."

Alisema hivyo kweli. Mtu mwenye chembe ya haya angenyamaza.

Saa 6:34

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi na mngurumo. Jafari alivaa koti la bluu la mafundi, limembana tumboni. Alisisitiza kuingia mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu aliyesoma.

Lukasi alijifunga mkanda wa waya mkononi, ncha yake akaibana kwenye kasha, umeme wa mwilini usije ukaua kadi. Jafari akacheka puani. Skrubu mbili zikalegea. Vishikio viwili, kulia na kushoto, vikafunguka, na kadi ya akiba ikatoka kwenye reli zake taratibu. Taa za kadi nyingine hazikupepesa. Lukasi akaitia kwenye mfuko wake maalumu, kisha kwenye begi lake la kompyuta. Pale ilipotoka akafunga kifuniko cha bati, hewa ya baridi isipotee njia. Mikono yake ilikuwa na adabu kuliko yeye.

Kisha pawa. Akaizima, akavuta mpini, ikatoka. Jafari aliipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukachangamka.

"Hiki sasa ndicho kitu."

"Hicho si kitu. Kitu kiko begini."

Jafari alimtazama, akatazama begi, akatazama kasha. Lukasi alitoka kuchungulia geti. Hakukaa huko hata dakika mbili.

Saa 6:47

Pikapu ilikuwa nyuma ya ukuta, Nassoro kwenye usukani. Lukasi alikuwa ameshafunga mlango wa chumba. Alipomsaidia Jafari kupandisha gunia lenye pawa aliona damu. Kidole cha shahada cha Jafari kilikuwa kimechanika mpaka mfupani.

"Umejikata na nini?"

"Kinazunguka kile, hata ukikichomoa."

Lukasi alifungua gunia. Pawa ilikuwa chini. Juu yake ilikuwa trei ya feni, nzito, ya chuma, damu kwenye mapanga yake.

Kutoka pale hadi kwenye chumba ni hatua sitini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Nipe niirudishe. Jafari, zimepita dakika mbili. Nipe."

"Unanifanya mjinga," Jafari alisema. "Unanipa kikadi chepesi kama karatasi, wewe unabaki na chuma. Mie nimeuza mchanga miaka kumi na tano, Lukasi. Naujua mchezo."

"Hicho ni chuma chakavu tu! Mnunuzi wako anataka kadi."

"Basi kaa nayo."

Kisu kilitoka kiunoni. Hakikuwa kisu cha maana, kilikuwa kile cha kufungulia magunia, na kilikuwa na uchafu. Jafari alikiweka chini ya sikio la Lukasi, akakikandamiza mpaka ngozi ikatoboka. Lukasi aliachia gunia. Nassoro aligeuka kwenye kiti, akasema jina la mzee Hamisi.

"Endesha," Jafari alisema.

Akaendesha. Walishika njia ya Kilambo, kwenda mtoni na kilo zao, na Mungu awape mnunuzi mwenye mizani.

Saa 6:51

Lukasi aliposimama nyuma ya ukuta na begi lake, feni za viyoyozi bado zilinguruma, kwa hiyo hakusikia kitu. Mtambo ulizima bila kelele. Alichosikia ni simu yake.

Alikuwa meneja, Martha.

"Lukasi, mabenki yananipigia. Bandari wananipigia. Mlinzi hapokei. Uko wapi?"

Angeweza kusema yupo. Angeweza kusema ameibiwa, ana jeraha shingoni, ufunguo anao yeye, waje haraka. Jafari angekamatwa kabla hajafika mtoni. Lukasi naye angefungwa, ndiyo, lakini angefungwa yeye mwenyewe na si mtu mwingine.

"Niko Magomeni, dada. Nakula. Nakuja sasa hivi."

Kuanzia hapo hakufikiri tena, alifanya tu, na alifanya vizuri, na hilo ndilo linalotia kichefuchefu. Aliingia kibanda cha geti. Suruali ya sare ya Hamisi ilining'inia kwenye msumari, imekunjwa kwenye mshono kama kawaida ya mzee. Akaudondosha ufunguo mfukoni mwa suruali hiyo. Akanawa shingo kwenye bomba, akapandisha kola, akazunguka kwa njia ya baharini.

Saa 7:22

Alipofika, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Polisi walikuwa watatu, na gari lao lilizuia geti. Martha alisimama kivulini, simu sikioni, anaomba radhi kwa mtu. Na chini, kwenye kokoto, alikaa Hamisi na kanzu yake nyeupe, pingu mikononi, kofia yake imeanguka. Shavu lake moja lilikuwa limeanza kuvimba. Watu waliotoka msikitini walijaa barabarani wanatazama.

Koplo alikuwa na ufunguo mkononi. Alieleza kwa kuridhika: mlango haukuvunjwa, ufunguo umekutwa kwenye suruali ya mlinzi, mlinzi hakuwepo lindoni. Kazi yake, alionekana kufikiri, imekwisha.

Hamisi alipomwona Lukasi, uso wake wote ulifunguka.

"Huyo amekuja," alisema. "Alhamdulillahi. Mwulizeni huyo. Yeye ndiye niliyemwachia."

Kila mtu aligeuka. Martha alishusha simu.

"Ijumaa nyingine huwa ananiachia," Lukasi alisema. "Leo hakuniachia. Leo nilitoka mapema kwenda kula."

Hamisi hakupiga kelele, wala hakuapa. Alimtazama Lukasi kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Lukasi. Nilikupa mkononi."

"Mzee ameshikwa na woga, afande," Lukasi alisema. "Msimpige."

Wakampandisha. Alishindwa kupanda mwenyewe kwa sababu ya pingu na kanzu, ikabidi wambebe, kanzu ikapanda mpaka mapajani mbele ya watu wote, na wengine wakacheka.

Saa 8:05

Ndani, matone ya damu yalitoka kwenye kasha hadi mlangoni. Koplo hakuwa ameyaona, au aliyaona akachoka. Lukasi aliyafuta kwa kitambaa, akisema vumbi linaharibu mitambo. Alipobaki peke yake, kabla mtu hajalipekua begi lake, alifungua kifuniko cha bati na kuirudisha kadi ya akiba kwenye reli zake, akaisukuma mpaka meno yakauma. Akakaza skrubu zote mbili.

Kisha akaomba feni ya mezani kutoka ofisi ya Martha. Akaisimamisha juu ya kiti, akaielekeza penye pengo la trei, akainua swichi ya pawa iliyobaki. Taa nyekundu. Taa ya njano. Dakika tatu za kungoja, jasho likimtiririka ndani ya baridi ile. Kisha kijani, kijani, tundu baada ya tundu, mpaka kadi ya akiba nayo ikawaka na kukaa kimya kusubiri zamu yake.

Martha alikaribia kulia. Alisema Dar wataambiwa nani ameokoa mji leo, na hata huo uhamisho ataomba uangaliwe upya. Mtu kama huyu hawezi kuachwa aende. Akamtuma mtu dukani akamletee soda ya baridi.

Lukasi alikaa kwenye stuli ya mlinzi, pale getini, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa. Barabarani bado walisimama wanawake wawili wa Magomeni, mmoja wao mke wa Hamisi, ameletwa mbio bila viatu. Alimwuliza fundi kama ameona mume wake amepelekwa kituo gani. Lukasi alimwelekeza kwa mkono, kwa heshima, akamwita mama.

Kisha akafungua soda, akainywa yote.