Uji wa Mgonjwa Asiyeumwa

Jumapili ya kwanza ya mwezi, jiko halikuwashwa asubuhi nyumbani kwa akina Chiriku. Ilikuwa siku ya kufunga. Waumini wa kanisa lao, ambao majirani waliwaita Wamormoni, walikaa bila kula wala kunywa tangu Jumamosi jioni, na kile ambacho wangekila walikitoa kwa wenye shida. Babu peke yake ndiye aliyesamehewa, kwa sababu ya uzee na vidonge vyake vya presha. Alikaa kwenye kiti chake akila mkate na maziwa, na kila alipotafuna alisema, "Poleni, jamani. Poleni sana."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata kwa kaka yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini siku hizi alikuwa mkimya. Msemaji akinyamaza hivyo, ujue kuna jambo linamkereketa moyoni, na jambo lenyewe lilikuwa wivu.

Wivu huo ulianza kaka yake alipoondoka kwenda nchi nyingine kutumika kama mmisionari kwa miaka miwili. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini mara kwa mara, kwa hiyo nyumba ilipwaya. Mama, fundi cherehani, alilia hadi akakosea mishono. Kisha wakaja wamisionari wawili waliotumwa kwenye mtaa wao, naye akapata wa kuwahudumia.

Walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa hivi, wenye mashati meupe, tai na beji nyeusi kifuani. Kanisani kila mmoja wao aliitwa Mzee, jambo lililomchekesha Babu mpaka akapaliwa. "Wazee gani hawa ambao hata ndevu hawajaota?" aliuliza. Mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi, basi mtaa mzima ukawaita Mzee Mrefu na Mzee Mfupi. Hawakuachana kamwe, kama jozi ya viatu.

Kila Jumapili ya kufunga, jioni, Wazee hao walikuja kufungua kwa akina Chiriku. Sasa, kuku ana mapaja mawili tu. Zamani paja moja lilikuwa la kaka na la pili la Chiriku. Siku hizi yote mawili yaliingia kwenye sahani za wageni, na Chiriku akabaki kupambana na shingo.

Kama ingekuwa kuku peke yake, angevumilia. Lakini gauni lake la buluu, ambalo Mama alikuwa amelikata mwezi uliopita, bado lilikaa rafuni bila mikono. Mzee Mrefu naye alipochanikiwa suruali na mnyororo wa baiskeli, Mama aliishona siku hiyohiyo.

"Mama, na gauni langu?" Chiriku alikuwa ameuliza.

"Subiri kidogo, mwanangu. Hawa wako mbali na mama zao. Hata kaka yako yuko mbali. Huko aliko, mama wa watu ndiye anayempakulia."

"Na mimi nipakuliwe na nani?" Chiriku aliuliza, lakini moyoni tu.

Jumapili hiyo, alasiri, harufu ya mchuzi ilijaa nyumba nzima. Tumbo la Chiriku lilinguruma. Mama alitandika kitambaa mezani, akatoa sahani mbili zenye maua, zile ambazo Chiriku hakuruhusiwa hata kuziosha, akaziweka mbele. Akaimba kwa sauti ya chini akiwa anapanga vijiko. Chiriku alijaribu kukumbuka ni lini Mama aliimba kwa ajili yake, na hakukumbuka.

"Chiriku, nenda pale kona ukawapokee Wazee," Mama alisema. "Barabara imechimbwa kwa ajili ya mabomba, watahangaika kutafuta njia. Ningewapigia, lakini simu imezima na umeme haujarudi."

Chiriku alikwenda akiburuta miguu. Pale kona aliwaona wanakuja, wanaruka mtaro, suruali zao zimejaa vumbi.

"Hujambo, Chiriku!" Mzee Mrefu aliita kwa furaha. "Leo nina njaa mpaka naiona harufu ya chakula kwa macho!"

Chiriku hakuwa amepanga kusema uongo. Lakini aliitazama ile sura yenye furaha, akaziona sahani zenye maua, na maneno yakamponyoka.

"Mama anaumwa," alisema. "Hawezi kupokea wageni leo."

Tabasamu la Mzee Mrefu likatoweka. "Anaumwa? Asubuhi kanisani alikuwa mzima! Anaumwa nini?"

"Kichwa," alisema Chiriku. Kichwa kilionekana hakitoshi, akaongeza, "Na tumbo. Na mgongo pia."

"Tuje tumwombee basi," Mzee Mfupi alisema. "Hatutakaa."

"Hapana! Amelala. Amesema asiamshwe na mtu."

Wazee walitazamana. "Pole sana, mdogo wetu," Mzee Mfupi alisema taratibu. "Mwambie tuko pamoja naye." Wakageuka, wakauruka tena mtaro na kurudi walikotoka.

Chiriku alitembea kuelekea nyumbani akiwa na raha. Leo angekaa na Mama mezani, wawili na Babu tu, kama zamani. Leo paja lingejua njia ya kurudi kwake.

"Umewaona?" Mama aliuliza alipoingia.

"Bado hawajaonekana."

"Basi tutawasubiri." Mama akaifunika sufuria vizuri.

"Mama, si tule tu? Labda hawaji."

"Tule kabla ya wageni wetu, nao wamefunga tangu jana? Wale hawajawahi kuvunja ahadi. Watakuja."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa amewafukuza wageni ili ale, na sasa hakuna kula mpaka wageni wafike. Alikaa akikitazama kifuniko cha sufuria. Mama alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mchuzi ulipoa. Uso wa Mama nao ukaanza kuingia wasiwasi. "Mungu wangu, wasije wakawa wamepata ajali," alisema. Chiriku alitamani kumwambia ukweli, lakini ulimi uliokuwa mwepesi pale kona sasa ulikuwa mzito.

Jua lilikuwa linazama waliposikia, "Hodi! Hodi hapa!"

Mama alikimbia kufungua. Mlangoni hakukuwa na wageni wawili. Kulikuwa na kundi. Mbele alisimama Mama Muuguzi, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mkononi ana mashine ya kupimia presha. Nyuma yake walikuwa akina mama wawili wenye vyungu vya chakula, mmoja ameshika na ndoo na sabuni ya kufulia. Mwisho kabisa walikuwa Wazee. Mzee Mfupi alibeba sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Karibuni!" Mama alisema kwa mshangao. "Mbona mmekuja wengi hivi?"

"Wewe!" Mama Muuguzi alifoka. "Nani amekuruhusu kuinuka? Rudi kitandani haraka!"

"Kitandani? Kwani nina nini?"

"Kichwa, tumbo na mgongo, ndivyo tulivyoambiwa. Hebu kaa nikupime."

Kabla Mama hajajibu, alikwisha kalishwa na mkono wake umefungwa kitambaa cha mashine. Babu alifurahi sana. Alikunja shati lake na kunyoosha mkono. "Ukimaliza naye nipime na mimi, maadamu umekuja," alisema.

Mama Muuguzi alisoma mashine, akakunja uso. "Presha yako ni nzuri kuliko yangu. Huumwi wewe!"

"Ndilo ninalotaka kuwaambia! Siumwi popote. Nilikuwa nawasubiri Wazee tule. Nani kawaambia naumwa?"

Chiriku alisimama karibu na cherehani. Alingoja kidole kimoja kimwelekee. Mzee Mfupi alitazama viatu vyake. Mzee Mrefu akakohoa kidogo.

"Mama, kosa ni letu," alisema. "Tulikimbilia kuwaambia watu kabla ya kuja kuhakikisha wenyewe. Tusamehe."

Hakumtazama Chiriku hata mara moja.

"Wanangu!" Mama alisema kwa ukali kidogo. "Siku nyingine ulizeni kwanza. Mmewahangaisha watu wazima na vyungu vyao bure."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Chiriku alikuwa amenusurika, na waliokaripiwa ni wale aliowaonea wivu. Angepaswa kufurahi. Lakini aliona aibu kuliko kama angechapwa mbele za watu.

Mama Muuguzi alikuwa bado anamtazama Mzee Mfupi. "Na wewe mbona unatetemeka? Ulifungua saa ngapi?"

"Bado," Mzee Mfupi alijibu.

"Bado! Mpaka saa hii?"

"Tulisema tuendelee kufunga kwa ajili ya Mama, mpaka tujue anaendeleaje."

"Na hiyo sufuria je?"

"Ni uji wa mgonjwa," alisema. "Unga ulikuwa umebaki kidogo, tukaona utamtosha yeye."

Chiriku alilia kwa sauti. "Ni mimi!" alisema. "Si kosa lao. Niliwaambia Mama anaumwa. Niliwadanganya pale kona."

Mama aligeuka polepole. "Kwa nini, Chiriku?"

"Kwa sababu ninawaonea wivu! Wao na kaka! Wanakula changu, wanashonewa kabla yangu, unawaimbia. Siku hizi hata ukiniita, unaanza na jina la kaka, ndipo unakumbuka langu!"

Uso wa Mama ulibadilika kwa hasira. "Umenilaza kitandani mimi mzima! Umewaacha watoto wa wenzangu wazunguke na njaa!" Babu alishusha mkono wake.

"Lakini hii ni habari njema!" Mzee Mrefu alisema ghafla. "Tuliomba Mama apone. Tazameni, amepona kabla hata ya kuugua! Sijawahi kujibiwa haraka hivi tangu nizaliwe."

Mama Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka. Mama alijaribu kuuma mdomo, akashindwa. Kicheko kikazunguka chumba kizima, ila Chiriku hakucheka. Alifuta machozi, akawaendea Wazee.

"Nisameheni," alisema.

"Tumekusamehe," Mzee Mfupi alijibu. "Lakini tafadhali, chakula kiko wapi?"

Waliomba, wakafungua. Mama hakumruhusu Chiriku aketi. Alimpa kazi ya kumnawisha kila mtu mikono na kupakua kila sahani, na Chiriku akafanya hivyo bila kunung'unika. Kwa vyungu vile, kila mtu alishiba. Uji wa mgonjwa alipewa Babu, akasema umekosa sukari lakini una nia njema.

Wageni walipoondoka, Mama na Chiriku walibaki jikoni wakiosha vyombo.

"Kesho ukitoka shule utarudisha vyungu vya watu," Mama alisema. "Katika kila mlango utasema ukweli kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Mama. Na wakinicheka?"

"Watacheka. Aliyesema uongo kwa wengi huomba radhi kwa wengi." Mama alisuuza sahani, akaiweka pembeni. "Na mimi nina kosa langu. Tangu kaka yako aondoke nimekuwa nikitazama mlango, na aliyebaki ndani nikamsahau. Ungeniambia, mwanangu. Ungesema tu, 'Mama, naona wivu.'"

"Niliogopa utaniona mbaya."

"Mbaya?" Mama akatabasamu kwa huzuni. "Mimi mwenyewe nina wivu mpaka unanichoma. Unajua namwonea nani? Yule mama anayempakulia kaka yako. Simjui hata jina. Yeye anamwona mwanangu akila, mimi simwoni. Anamsikia akicheka, mimi nasikia simu tu. Kuna siku nilimchukia kabisa."

Chiriku aliacha kusugua sufuria. Hakuwahi kufikiri kuwa mtu mzima, tena mama yake, angeweza kusumbuliwa na jambo hilohilo. "Ukafanyaje?"

"Nikaona nikiuacha wivu ukae bure, utanifundisha uovu, kama ulivyokufundisha wewe leo kusema uongo. Basi nikaupa kazi. Kila unaponijia, nawapikia hawa vijana, kisha namwombea yule mama baraka. Mwanzoni niliomba kwa mdomo tu. Siku hizi naomba kwa moyo. Wivu kumjia mtu si dhambi, Chiriku. Dhambi ni kuutii. Ukikujia tena, sema kweli, halafu mtendee wema yuleyule unayemwonea."

Walimaliza vyombo. Kabla ya kulala familia ilipiga magoti kuomba, na zamu ilikuwa ya Chiriku. Lakini hakuanza mara moja.

"Mama, huyo mama wa kule ana mtoto wa kike?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kama anaye, basi leo amekula shingo kwa sababu ya kaka," Chiriku alisema. "Nataka kumwombea na yeye."

Mama alicheka huku akifuta machozi, akamvuta karibu. Chiriku akafumba macho, akaanza kumwombea msichana asiyemjua.