Nani Aliiona Hadubini Ikivuka?

Kila asubuhi Amuron alipokwenda shuleni, alipita kando ya foleni ya malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda, na kila asubuhi aliyakagua. Hakuna aliyemtuma. Aliangalia kama sili za milango ya nyuma, vile vifungo visivyofunguka bila kukatwa, ziko sawa, akaangalia kama kamba za turubai zimelegezwa, kisha akawatupia jicho matanboi, wasaidizi wa madereva, waliokuwa wakipiga mswaki kando ya magurudumu, kana kwamba mmoja wao ameficha kitu mdomoni.

Tabia hiyo aliitoa nyumbani. Baba yake, Ochom, alikuwa wakala wa forodha mjini Malaba, na tangu Amuron akiwa mdogo alimwambia kwamba sili ikikatwa, ujue kuna jambo. Wageni waliyasifu macho ya msichana huyo, naye akavimba kichwa. Alipofika Gredi ya Saba hakumwamini mtu kwa urahisi. Hata nyanya yake alipoapa kwamba peremende zimeisha, Amuron alikwenda kupekua chini ya kitanda.

Shuleni kwao kulikuwa na sanduku la vifaa vya sayansi lililoletwa mwaka uliotangulia. Ndani yake mlikuwa na hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwalimu mkuu, Methuselah, aliogopa mno kwamba kitavunjwa, kwa hiyo sanduku lilikaa kabatini likiwa na sili yake. Wageni walioneshwa sanduku, wakapiga makofi, kabati likafungwa. Wanafunzi nao waliendelea kuichora hadubini kutoka ubaoni.

Muhula huo somo la Sayansi alipewa Mwalimu Rosebella, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Siku moja Amuron alitumwa ofisini kupeleka madaftari, akakuta kabati liko wazi. Sili ya sanduku ilikuwa imekatwa na hadubini haikuwamo. Moyo wake ulimruka, na kusema kweli, uliruka kwa furaha. Hatimaye alikuwa amepata jambo.

Tangu hapo hakumpa mwalimu yule nafasi ya kupumua. Alimwona akijifungia stoo baada ya masomo. Alimwona akitoka shuleni na mkoba wa buluu, akitembea polepole kama aliyebeba mayai. Oduori, mwanafunzi mwenzake, alipouliza darasani ni lini wataiona hadubini, mwalimu aliangalia chini, akasema karibuni, kisha akageukia ubao. Brendah, rafiki yake Amuron, alidhani labda anaisafisha tu.

"Mtu akisafisha kitu hujificha?" Amuron alimuuliza.

Ijumaa jioni Amuron alikuwa akimpelekea baba yake chakula ofisini, karibu na foleni. Mbele ya kituo cha mafuta alimwona Mwalimu Rosebella akizungumza kwa sauti ya chini na mwanamume aliyekalia pikipiki nyekundu. Mwalimu aliangalia huku na huku, akafungua mkoba wa buluu, na hadubini ikachungulia. Kisha aliufunga, akampa yule mtu mkoba wote. Mwanamume aliufunga kifuani kwa leso, akawasha pikipiki na kuelekea upande wa mpaka. Pikipiki ikapita nyuma ya malori. Amuron alisimama kwa ncha za vidole, akanyoosha shingo, lakini matela yalikuwa marefu. Lori moja liliposonga na nafasi kupatikana, pikipiki haikuwepo.

Alifika ofisini akihema. "Baba, hadubini ya shule imevuka mpaka."

Ochom alisimamisha kijiko. "Una uhakika?"

"Nimeona na macho yangu. Madam Rosebella amempea mtu wa pikipiki, na imevuka."

Wala hakuhisi kwamba anadanganya. Mkoba aliuona, pikipiki aliiona, hata ilikoelekea aliona. Kipande kilichobaki alikitoa kichwani mwake, na kilikaa vizuri hivi kwamba hakujua ni chake. Ochom, ambaye alikuwa katika halmashauri ya shule, alimpigia simu mwalimu mkuu papo hapo. Wakakubaliana wakutane Jumatatu asubuhi, na mwalimu asidokezwe lolote asije akapata muda wa kutunga uongo. Usiku huo Amuron alipewa kipande kikubwa cha nyama.

Kesho yake mama alimtuma Kocholia, upande huu huu wa mpaka, kumpelekea supu shangazi yake, Anyait, aliyekuwa amelazwa hospitalini. Alipokuwa akirudi kituo cha matatu alipita nje ya shule moja, na hapo akasimama ghafla. Pikipiki nyekundu ilikuwa imeegeshwa uani, na leso ile ile imening'inia kwenye usukani. Amuron alinyata hadi dirishani. Alitarajia kuwakuta wezi wakigawana mali.

Akakuta walimu. Walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wengine na mvi kichwani. Mbele yao alisimama mkufunzi wa maabara aliyetoka chuo cha Alupe, na wenzake walimwita Phoebe. Mezani ilikuwa hadubini. Yule mtu wa pikipiki alikuwa amekaa dawati la kwanza akichonga penseli, na aliyemfuata alikuwa Mwalimu Rosebella, mkono juu.

"Mkufunzi, naomba unionyeshe tena," alisema. "Mimi nilisomea Historia na Kiswahili. Sayansi nimepewa kwa sababu hakuna mwingine. Nafanya mazoezi peke yangu stoo, lakini bado sioni kitu. Watoto wananiuliza kila siku, na mimi nawakwepa."

Hakuna aliyemcheka. Mwalimu mwenye mvi alisema hata yeye, na Phoebe akamwita mbele, akamwekea mkono kwenye kirungu cha kuzungushia. Amuron aliinama chini ya dirisha. Uso ulimwaka kwa aibu kama aliyepigwa kofi, akaondoka kwa kunyata.

Alifika nyumbani akiwa na nia ya kusema, lakini baba alikuwa akimsimulia jirani jinsi binti yake alivyomnasa mwizi, naye akapitiliza hadi jikoni. Jumapili kanisani alijipa moyo kwamba mwalimu mwenyewe atajieleza na mambo yataisha. Tena, alijiambia, ni nani aliyemruhusu kutoa mali ya shule? Hoja hiyo ilikuwa nzuri, ila haikumpa usingizi.

Jumatatu wakakutana ofisini kwa mwalimu mkuu. Hadubini ilikuwa mezani, nzima. Mwalimu Rosebella alieleza kuhusu mafunzo ya Kocholia, na kwamba Mwalimu Nathaniel wa shule ya huko aliibeba kwa pikipiki ili isipondwe ndani ya gari lenye watu wengi. Mwalimu mkuu alisema yeye alimruhusu kufungua sanduku na kujifunza nayo, hakumruhusu kuitoa shuleni. Mbona hakuomba ruhusa?

"Niliona aibu," Mwalimu Rosebella alijibu. "Niliogopa utaniuliza mimi ni mwalimu gani wa sayansi."

Maneno hayo hayakumwingia Ochom. Alisema Malaba hii ameona mengi, na mzigo ukikosa mnunuzi ng'ambo hurudi na hadithi nzuri. Mwalimu mkuu akapangusa miwani. Alisema kama kweli hadubini ilivuka mpaka, basi hana budi kumripoti mwalimu kwa ofisi ya elimu, na sanduku litafungiwa kabatini lisiguswe tena. Akamwita Amuron aingie.

"Sema ulichoona, usiogope," alimwambia. "Uliona ikivuka?"

Watu wote walimtazama. Baba alimwitikia kwa kichwa kumtia moyo. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na baba angetoka humo kifua mbele. Mwalimu Rosebella hakumtazama kwa hasira. Alikuwa ameikazia macho hadubini tu, kama anayeiaga. Hilo lilimshinda Amuron.

"Sikuiona ikivuka," alisema. "Niliona pikipiki ikipita nyuma ya malori. Baada ya hapo sikuona kitu. Hiyo ya kuvuka niliongeza mwenyewe." Akamgeukia mwalimu. "Na Jumamosi nilimwona Madam kule Kocholia, akifundishwa na walimu wengine. Nilijua, na bado nikanyamaza. Nisamehe, Madam."

Ochom alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi, kisha akasimama mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha kushuku, nikajivunia. Lakini nikishuku lori mpakani, naenda nauliza, nafungua, naangalia. Mtoto sikumfundisha hiyo, na juzi hata mimi sikuifanya. Nimekupaka matope bure. Pole sana."

Mwalimu Rosebella aliupokea mkono wake. Alikiri kwamba naye alipaswa kuomba ruhusa, maana kujificha kwake ndiko kulikowapa watu sababu ya kumshuku. Mwishowe mwalimu mkuu alisema kwamba aliyeifanya hadubini iwe kitu cha kufichwa ni yeye mwenyewe na kufuli lake. Kuanzia siku hiyo itakaa darasani. Itakwenda Kocholia kwa ruhusa yake, na Jumamosi nyingine walimu watakuja kujifunza hapa, madirisha wazi.

Wiki hiyo Gredi ya Saba waliiona hadubini ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Mwalimu Rosebella alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandaza juu ya kioo na kuwapanga mstari. Waliona vijumba vidogo vidogo vilivyoshikana, na katikati yake kitu cha duara. Oduori aliapa ni mdudu. Brendah alisema ni yai. Kelele zikapanda, wengine wakiapa wamekiona kikitembea.

Zamu ya Amuron ilipofika, aliweka jicho akakaa kitambo. Wenzake walisogea kusikia mwenye macho makali atasema nini.

"Naona duara, lina ukingo mweusi," alisema. "Ni nini, sijui."

Mwalimu Rosebella aliinama akaangalia, kisha akainua uso. "Hata mimi sijui," aliwaambia wote, bila haya yoyote. "Jumamosi nitauliza. Leo kila mtu aandike alichokiona. Pale macho yako yalipoishia, andika kwamba hapo ndipo yalipoishia, usijaze kwa maneno yako. Ukijaza, utapoteza ukweli, na unaweza kumpoteza mtu."

Hakumtaja yeyote. Amuron alifungua daftari, akaandika kwamba aliona duara lenye ukingo mweusi. Mkono ulitaka kuendelea, akauzuia, akaweka nukta.